De László na lawama ya kuwapamba wakubwa

Ukizipanga pamoja picha za Philip de László, mchoraji Mhungaria wa sura za watu, kasoro yake inajitaja yenyewe: karibu kila mtu ni mzuri. Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani, Theodore Roosevelt wa Marekani, Benito Mussolini, mabalozi, wake za makabaila wa Uingereza, wote shingo zimenyooka na macho yana utulivu wa mtu asiyedaiwa. Kazi zake zinakaribia 4,000, na mtu hahitaji kupitia nyingi kabla hajaelewa kwa nini alilaumiwa kuwa mbembelezaji.

Lawama hiyo ina uzito. Mhungaria huyu alihamia London mwaka 1907, wakati John Singer Sargent, Mmarekani aliyelitawala soko la picha za sura huko, alikuwa amechoshwa na kazi hiyo na ameanza kukataa wateja. Pengo likawa wazi, naye akaliziba. Mwaka huohuo mchoraji Mhispania Picasso alikuwa Paris akichora Les Demoiselles d'Avignon, wanawake wenye nyuso zilizochongoka kama vipande vya kioo. Mwaka 1910 London yenyewe ikatikiswa na maonyesho ya mhakiki wa sanaa Roger Fry, yaliyoleta kazi za wachoraji wa mtindo mpya, Cézanne, Gauguin na Van Gogh. De László hakutikisika. Alishikilia aliyofunzwa Budapest, Munich na Paris, akichora kwa namna ya mabingwa wa kale hadi alipofariki Novemba 1937. Anayesema kwamba aliipa karne yake kisogo hasemi uongo.

Ila hoja hii huupita mbio ustadi wa mkono wake. De László hakuanza kwa penseli. Aliitia turubai ya kuchorea kwenye fremu yake tangu mwanzo, akaisimamisha kando ya mtu anayechorwa, kisha akarudi nyuma kuwatazama wawili hao kwa pamoja, mtu na picha yake. Akishaona, anasogea, anatia rangi kwa brashi, anarudi tena nyuma. Rangi iliwekwa juu ya rangi ambayo bado haijakauka, kwa hiyo nafasi ya kurudia na kulainisha ilikuwa ndogo.

Itazame picha ya Papa Leo XIII ya mwaka 1900, iliyompatia medali ya dhahabu kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris. Papa alikuwa na miaka 90. Mchoraji hakumfanya kijana. Ngozi imekonda juu ya mfupa, lakini macho ni makali na mdomo una kitabasamu cha mtu anayejua mengi kuliko anayoyasema. Kwa maoni yangu, mapambo ya De László yako zaidi mabegani na kwenye mavazi. Kichwa mara nyingi kimesalimika. Nasema mara nyingi, kwa sababu baadhi ya mabibi wa London aliwapa shingo ambazo sidhani kama walizaliwa nazo.

Tukumbuke pia alikotoka. Alizaliwa Pest, ambayo leo ni sehemu ya Budapest, mwaka 1869 kwa jina la Fülöp Laub, mtoto wa fundi cherehani Myahudi. Jina la László alilichukua mwaka 1891. Mwaka 1900 akamwoa Lucy Guinness, wa ukoo tajiri wa Ireland, na mwaka 1912 Franz Joseph, mfalme wa Austria-Hungaria, akampa cheo cha ukabaila. Mtu aliyepanda ngazi hiyo kwa brashi alijua gharama ya kumuudhi mteja. Wanaomcheka kwa hilo wengi wao hawakuwahi kuitafuta riziki mlangoni kwa watu.

Na kupendwa na wakubwa hakukumkinga. Uraia wa Uingereza aliupata Agosti 1914, nchi hiyo ikiwa tayari vitani na Austria-Hungaria. Septemba 1917 akakamatwa kwa kuwasiliana na adui: alikuwa amewapelekea ndugu zake Hungaria barua na fedha, na alimpa pesa mfungwa wa vita aliyetoroka na kuja nyumbani kwake. Alikosea kisheria? Kwenye baadhi ya hayo, ndiyo. Lakini msaidizi wa ndugu na jasusi ni watu wawili tofauti, na Juni 1919 kamati iliyochunguza suala lake ikamwachia uraia wake.

Ningependa ushahidi wa kesi hii ya sanaa utafutwe kwenye picha ambazo hakuna aliyezilipia, hasa alizomchora Lucy, aliyekuwa mpiga fidla, na wana wao watano. Hapo hakuwa na mteja wa kumridhisha. Picha zake nyingi bado zimo mikononi mwa familia za waliochorwa, na kwa miaka mingi ubishi huu uliendeshwa na watu walioziona chache tu. Sasa orodha kamili ya kazi zake inawekwa mtandaoni hatua kwa hatua, kwa hiyo anayetaka kumhukumu anaweza kuanza na vichwa, mavazi baadaye.