Karamu Yenye Mtunza Muda

Jana usiku nilirudi kutoka karamuni na njaa, na wala si kwa sababu chakula kilikuwa haba. Chakula kilikuwepo tele, kimefunikwa vizuri kwenye meza ndefu, nacho kilitusikiliza kwa utulivu ambao sisi wenyewe tulishindwa kuuonyesha. Kilichokosekana ni mwanya. Ukialikwa kwenye sherehe ya kufunga mwaka ya klabu ya wazungumzaji, tafadhali kula kwanza nyumbani, waage watu wako ipasavyo, ndipo utoke.

Kadi ya mwaliko ilisema kwa herufi za nakshi kwamba usiku huo ungekuwa wa mapumziko, vicheko na mazungumzo ya kawaida. Nilipofika mlangoni nikakabidhiwa ratiba ya kurasa mbili, ambamo mapumziko yalipewa dakika nne, vicheko vilipewa msimamizi wake, na mazungumzo ya kawaida yaliwekwa chini ya kipengele cha mengineyo, endapo muda ungeruhusu. Ninyi mnaoujua muda mnajua pia kwamba haujawahi kuruhusu.

Mwenyekiti alifungua kwa kutukumbusha, kama anavyotukumbusha kila tukutanapo, habari za Ralph Smedley, ambaye tarehe 22 Oktoba 1924 aliwakusanya wenzake katika chumba cha chini ya ardhi cha jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, wajifunze kusimama na kusema, na ndiko zilikoanzia klabu za namna hii. Ni historia yenye heshima na sina ugomvi nayo. Nilitaka tu kujua kama watu wale waliruhusiwa kula, ila maswali yalikuwa ukurasa wa pili.

Msemaji wa kwanza alitufundisha uzuri wa ufupi. Alituambia kwamba mwaka 1863, pale Gettysburg, Edward Everett alihutubia kwa takriban saa mbili, kisha Abraham Lincoln akasimama, akasema kwa dakika mbili hivi, akaketi, na dunia ikamkumbuka yeye. Somo hilo la ufupi liliendelea hadi kadi nyekundu, ile ya kumwambia msemaji muda wake umekwisha, ikainuliwa, ikashushwa, ikainuliwa tena na hatimaye ikapepewa hewani kwa mikono miwili. Msemaji wa pili alituletea Demosthenes, yule Mgiriki ambaye masimulizi ya kale yanasema alijizoeza kunena huku amejaza vijiwe mdomoni, nami kwa mara ya kwanza katika uanachama wangu nilimwonea mtu wa kale wivu, kwa kuwa yeye angalau alikuwa na kitu mdomoni.

Siyasemi makofi. Katika klabu yetu mtu hupigiwa makofi akienda mbele, akirudi na akikohoa kwa adabu.

Hatimaye tukaruhusiwa kupanga foleni ya chakula, na hapo ndipo nilipojikuta nyuma ya mhesabu. Mnamfahamu mhesabu. Ni yule mwanachama anayeketi pembeni na kijitabu, akiandika kila mguno, kila "eeh" na kila "yaani" inayomponyoka msemaji, kisha mwisho wa mkutano anasoma hesabu hiyo hadharani kwa sauti ya hakimu. Nilidhani usiku wa sherehe angeacha kijitabu nyumbani. Alikuwa nacho, na kwa heshima ya sikukuu alikuwa ameongeza kengele.

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu," nilimwambia kwa uchangamfu. "Yaani leo watu wamependeza."

Kengele ikalia.

"Samahani, ndugu mwanachama," alisema huku akiandika. "Hiyo ni moja."

"Lakini, mzee mwenzangu, hapa tuko kwenye foleni ya chakula."

"Ufasaha hauna likizo."

Nikaamua kunyamaza, uamuzi ambao katika jengo lile ulinifanya nitazamwe kama mgonjwa. Foleni ikasogea, sahani yangu ikaufikia mchuzi, na kumbe upawa ulikuwa upande wa mhesabu. Mnajua njaa inavyomfanya mtu asahau majina ya vitu. "Naomba unisogezee hiyo, eeh, nanihii," nilisema, na kengele ikalia kwa mfululizo kama ya shule inayoungua. Waliokuwa nyuma yangu, wakidhani kuna mshindi, wakapiga makofi.

Makofi yale yakamwamsha msimamizi wa hotuba za papo kwa papo, ambaye kazi yake ni kuvizia watu wasio na la kusema na kuwapa nafasi ya kulisema. Akapaza sauti kwamba nimejitolea. Sikuwa nimejitolea. Akanipa mada, "Kama ningekuwa upawa," akaunyakua ule upawa wenyewe na kunikabidhi kama nyenzo ya ufafanuzi. Mtunza muda naye, ambaye nilimwona kwa macho yangu akiweka chini paja la kuku, akajifuta vidole na kutoa kadi zake. Kanuni hazina huruma: kadi ya kijani dakika moja ikitimia, ya njano dakika moja na nusu, nyekundu dakika mbili, na anayeketi kabla ya kijani hahesabiwi kuwa amesema.

Basi nikasimama mbele ya watu wazima wenzangu, sahani tupu mkono wa kushoto, upawa mkono wa kulia, nikasema. Nilisema kwamba kama ningekuwa upawa ningekuwa mnyenyekevu, ningeinama ili wengine washibe, na nisingekubali hata siku moja kushikwa na mtu mwenye kengele. Wakacheka mahali nilipokuwa na uchungu wa kweli, na mahali nilipoweka mzaha wakanyamaza na kuandika.

Nilipogeuka nichote, mtathmini alikuwa ameshasimama. Mtathmini hawezi kuachwa akizungumza peke yake. Ni adabu umkabili, umtazame usoni na utikise kichwa kwa shukrani. Alianza kwa sifa, kama walivyofunzwa wote, akisema nimeishika sahani kwa uthabiti. Kisha akaja kwenye pendekezo: macho yangu yalirudi mno kwenye sufuria, jambo ambalo liliwafanya wasikilizaji wahisi kwamba moyo wangu uko kwingine. Mheshimiwa, moyo wangu ulikuwa kwingine! Akafunga kwa sifa nyingine, na alipoikosa katika hotuba yangu akaichukua kwenye viatu vyangu. Nikashukuru. Nikageuka. Mtathmini mkuu akasimama kumtathmini mtathmini, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kielelezo, nikaombwa nibaki palepale na upawa wangu, na foleni nzima, isiyoweza kuchota bila upawa, ikanitazama kwa chuki ambayo hakuna aliyeitathmini.

Jamani, mtu analipa ada ya uanachama kwa hiari yake, kwa pesa aliyoivujia jasho, ili atazamwe hivi! Tumejifunza kutazama watu machoni, kutua, kupandisha sauti na kuishusha, lakini nioneshe wawili katika ukumbi ule wanaoweza kuulizana hali bila mmoja wao kugawa jibu katika hoja tatu.

Zawadi zilitolewa, kila moja na utangulizi wake. Muziki uliombwa usubiri utambulishwe.

Kisha mtunza ukumbi akaingia na funguo. Hakupeana mkono na mtu yeyote mbele ya mimbari. Alisema, "Wazee, saa zenu zimekwisha. Nafunga." Ukumbi ukatulia tuli, tukatazamana, na kura za mzungumzaji bora wa usiku zilipopigwa, zote zikaenda kwake.

Hapo mtunza muda akainua mkono wa kanuni. Mtoa maneno hakufika kijani. Mwingine akajibu kwamba yeye si mwanachama, kwa hiyo kadi hazimhusu. Wa tatu akasema kama kadi hazimhusu basi na kura hazimhusu. Wa nne akashauri aombwe arudie maneno yaleyale taratibu, akitanguliza kisa cha utotoni, ili atimize dakika. Mtunza ukumbi alikuwa amekwisha kwenda kuzima taa za nje.

Utepe wa ushindi haujatolewa mpaka sasa. Suala limepelekwa kwenye mkutano ujao, ambapo atasikilizwa msemaji mmoja wa kuunga mkono na mmoja wa kupinga, dakika tano hadi saba kila mmoja, na mtunza ukumbi amealikwa ajitetee. Mimi nimepangiwa kengele.