Mota ya betri moja: tuwape maelekezo au tuwaache wabuni?

Walimu wawili wa fizikia ninaowafahamu hapa Mwanza wanapatana kwa mambo yote isipokuwa somo moja katika mwaka mzima, lile la kutengeneza mota ya umeme. Mmoja huandika ubaoni kila hatua, tangu idadi ya mizunguko ya waya hadi upande wa kukwangua vanishi, ile rangi ya juu ya waya inayozuia umeme. Mwenzake humwaga vifaa mezani: betri kubwa ya tochi, sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, waya wa shaba wenye vanishi na pini mbili za kubeba ncha za waya na kuupitishia umeme. Husema tu, "Nataka kitu kizunguke," akarudi kukaa.

Nimelifundisha somo hilo kwa njia zote mbili, na zote mbili zimewahi kuniaibisha.

Nianze na mwalimu wa maelekezo, maana siku hizi ndiye anayesemwa vibaya. Darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 60, vipindi viwili vya dakika 40, na mtihani wa kidato cha nne unakuja. Kundi lisilopewa hatua linaweza kumaliza dakika zote hizo likibishana nani ashike wembe. Tena anayo hoja ambayo wapenda ubunifu huipita haraka. Mpelekee fundi wa kuwaindi mota pampu ya maji iliyoungua, kama zile za kumwagilia bustani za mboga kandokando ya ziwa. Fundi huyo habuni. Anafumua koili ya zamani, yaani waya uliozungushwa, anahesabu mizunguko, anapima unene wa waya, anaandika kwenye daftari, kisha anasuka vilevile. Akikosea hesabu, mota inapata moto na mteja anarudi na maneno. Kunakili kwa uangalifu ni ufundi, na ndio unaolisha watu wengi mjini hapa.

Hata hivyo fundi yule harudishi mota bila kuijaribu, na hapo ndipo mwalimu wa maelekezo anapoishiwa. Wanafunzi wake wanapata mota inayozunguka, wanapiga makofi, kengele inalia. Ukiwauliza kwa nini ncha moja ya waya ilikwanguliwa pande zote na nyingine nusu tu, wengi watakujibu kwamba mwalimu alisema.

Jibu lenyewe ndilo moyo wa somo. Umeme ukipita kwenye koili, sumaku inasukuma upande mmoja juu na mwingine chini, koili inageuka. Ikifika nusu mzunguko, pande zimebadilishana nafasi, kwa hiyo msukumo uleule sasa unairudisha ilikotoka. Ndiyo maana koili iliyokwanguliwa pande zote huyumba kama bembea na kutulia. Vanishi iliyoachwa nusu hukata umeme wakati ule ambao ungeirudisha, na koili inapita kwa kasi iliyokuwa nayo. (Mara nyingine iliyokwanguliwa yote huzunguka pia, kwa sababu waya unarukaruka kwenye pini na kukata umeme wenyewe. Mwanafunzi akikuonyesha hiyo usimkatalie. Una bahati kupata darasa kama hilo.)

Walimu wote wawili humtaja Faraday, mwanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1821, mwaka mmoja baada ya Ørsted wa Denmark kuona sindano ya dira ikicheza karibu na waya wenye umeme, Faraday aliufanya waya uzunguke sumaku ndani ya chombo cha zebaki huko London. Mmoja anasema: mnaona, hakupewa hatua. Mwenzake anajibu kwamba Faraday hakuwa na dakika 80 wala foleni ya wenzake 60 nyuma yake. Hapo nampa haki wa pili.

Kwangu mimi, ubunifu unaostahili muda wa darasa uko kwenye kupima kuliko kwenye kuunda. Waulize: mota ya mizunguko 10, 20 na 30, ipi itakwenda kasi? Karibu wote watasema 30. Wanaipima, na mara nyingi matokeo hayawatii. Mizunguko inaongeza msukumo, lakini inaongeza pia uzito wa koili na ukinzani wa waya. Halafu kuna mtego ambao sikuugundua mwaka wangu wa kwanza. Koili fupi namna ile karibu ni shoti, betri inachemka na kuchoka upesi. Kundi lililoanza na 10 likamalizia na 30 lilikuwa linapima betri iliyochoka, si koili. Niliwasahihishia kwa wino mwekundu, wakati kosa lilikuwa la mpangilio wangu. Dawa yake ni ndogo: rudia ile ya 10 mwishoni ulinganishe na ya mwanzo, na usiache koili imesimama huku umeme unapita.

Upande wa uhuru una hatari moja ya hapa kwetu. Ukiwaambia walete betri yoyote, kuna atakayebeba ya volti 12 inayowasha taa za dagaa usiku ziwani. Waya mwembamba ukiguswa na hiyo unawaka moto, vanishi inafuka moshi, na mzazi anakosa taa. Betri za simu nazo zikipigwa shoti zinaweza kulipuka. Hapo maelekezo hayana mjadala: volti 1.5, basi.

Kwa hiyo ningewaandikia ubaoni karibu kila kitu: unene wa waya, umbali wa pini, mahali pa sumaku, aina ya betri. Ningeacha jambo moja tu, lile la kukwangua nusu. Nawaacha wakwangue wanavyojua, koili iyumbe mbele yao kama dakika kumi, waulizane kwa Kiswahili au Kisukuma kabla ya kuandika ripoti kwa Kiingereza. Asiyegundua namwonyesha, kisha kipindi cha pili chote ni cha kupima. Alama naziweka kwenye daftari la vipimo, na kundi ambalo mota yake iligoma linaweza kupata zaidi ya kundi lililopigiwa makofi. Mwenzangu wa maelekezo anasema wanafunzi wake wataona hilo ni uonevu, na kwa wiki ya kwanza huwa ni kweli.