Bendera Isiyo na Mlingoti

Katika saiba moja ya Barabara ya Tom Mboya nilisimama nyuma ya kijana aliyekuwa akitengenezewa bango la mashindano ya kandanda ya mtaani kwao. Maneno alikuwa ameyaandika kwenye simu, na mwishoni akaweka bendera tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Alipoyatuma kwenye kompyuta ya saiba, bendera zikatoweka. Mahali pake pakawa na herufi tupu: KE, UG, TZ. Kijana akamgeukia mhudumu. "Kaka, bendera yetu umeipeleka wapi?"

Mhudumu hakuwa ameipeleka popote. Bendera ya kwenye meseji si picha inayosafiri. Simu hutuma herufi mbili za namna ya pekee, K na E, na simu ya anayepokea ndiyo inayozigeuza kuwa bendera. Kifaa kisicho na mchoro huo huonyesha herufi zenyewe. Utaratibu huu una historia yake. Seti za emoji za kampuni za simu za Japani zilikuwa na bendera 10 tu: Japani, Korea Kusini, China, Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Hispania na Italia. Afrika nzima haikuwemo. Mwaka 2010 Unicode, shirika linaloratibu herufi zinazotumiwa na kompyuta duniani, lilipozipokea emoji, lilikwepa mtego wa kuchagua nchi: likatoa herufi 26 maalumu, na zikipangwa mbilimbili kwa kufuata vifupisho vya kimataifa vya nchi, zinakuwa bendera. Kwa mpango huo Kenya ilikaa benchi moja na Ufaransa. Hata hivyo, iPhone zilianza kuzionyesha bendera za Afrika kwa wingi mwaka 2015 tu.

Wapo wanaoona kwamba mambo haya yameishusha bendera hadhi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wengi wetu tulifundishwa kusimama wima asubuhi ya Jumatatu, skauti akiifungua bendera polepole, na hata mpita njia nje ya ua wa shule alisimama. Usiku wa kuamkia siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, ilipandishwa Uhuru Gardens, hapa Nairobi, na mpanda mlima Kisoi Munyao akaipandisha Mlima Kenya, kwenye baridi na theluji. Nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Sheria ya bendera ya taifa inakataza kuitumia kibiashara bila idhini, na imewataja wachache wanaoruhusiwa kuipeperusha kwenye magari yao. Aliyelelewa katika heshima hiyo akiikuta bendera imebanwa kati ya uso unaocheka na pakiti ya chipsi, ni kama amekuta leso ya mama yake imepangusiwa meza.

Nawaelewa, na kuna sehemu ya uchungu wao ambayo ni yangu pia. Itazame emoji ya Kenya kwa ukubwa wake wa kawaida, bila kuikuza. Ngao inakuwa doa. Mikuki miwili, ambayo mtoto wa darasa la kwanza haisahau akiichora, haionekani kabisa. Sasa ondoa ngao na mikuki uone kinachobaki: nyeusi, nyekundu, kijani. Malawi ina rangi hizohizo kwa mpangilio huohuo, ila jua linachomoza juu. Sudan Kusini ina milia kama yetu, hata ule weupe wa katikati ya rangi, ikaongeza pembetatu ya buluu na nyota. Nimeona mtu akimpongeza mkimbiaji wetu kwa bendera ya Malawi, na waliomjibu hawakugundua. Kitu kilichowekwa pale kutukumbusha kuulinda uhuru ndicho cha kwanza kupotea bendera inapopunguzwa.

Lakini bendera ya kitambaa ilikuwa ya nani? Kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida aliiona kwa mbali: kwenye mlingoti wa ofisi ya chifu, kwenye gari la waziri likipita kwa king'ora. Ndiyo maana bangili za shanga za rangi za bendera, za soko la Maasai Market, zilipendwa sana. Ilikuwa njia ya kuivaa bila kumwomba mtu ruhusa. Emoji imefanya kazi hiyohiyo, na imefika mbali kuliko shanga. Juni 2024, vijana walipoingia katikati ya jiji kupinga Mswada wa Fedha, wengi waliifunga bendera mabegani, na usiku waliiweka pembeni ya majina yao mitandaoni. Sikuona tofauti ya mapenzi kati ya ile ya kitambaa na ile ya simu. Aliyekuwa kazini Doha au anayesoma Berlin hakuwa na kitambaa cha kufunga begani, alikuwa na herufi mbili, na alizituma kwa moyo wake wote. Kwa hiyo anayesema vijana wameidharau bendera, mimi simfuati.

Kinachonikosesha raha ni kwamba bendera hii kalamu yake iko mikononi mwa wengine. Muulize Mzanzibari. Zanzibar ina bendera yake tangu 2005, buluu, nyeusi na kijani, na ile ya Tanzania kwenye kona. Inapepea Unguja na Pemba kila siku, lakini kwenye simu haipo, maana Zanzibar haina kifupisho chake katika orodha ya nchi. Ungedhani hiyo ni kanuni isiyopindika, ila mwaka 2017 England, Scotland na Wales, kila moja ilipata bendera yake kando na ile ya ufalme wao. Kisha mwaka 2022 Unicode likatangaza kwamba halitapokea tena maombi ya bendera, kwa kuwa tayari zimezidi 250 na ndizo emoji zinazotumika kwa uchache. Sababu yao ina mantiki. Lakini mlango umefungwa wakati waliowahi wako ndani.

Na hata aliye ndani haamui. Simu za iPhone zinazouzwa China bara hazionyeshi bendera ya Taiwan. Taliban walipoingia Kabul mwaka 2021 walipandisha bendera yao nyeupe, ila simu ziliendelea kuonyesha ile ya rangi tatu ya serikali iliyoondolewa. Wanaowapinga Taliban hawana malalamiko hapo, na hata mimi singependa ibadilishwe. Ila aliyeamua si Mwafghanistani.

Yule kijana wa saiba hakukubali KE. Mhudumu akamtafutia picha ya bendera yenyewe intaneti, akaibandika mahali pa herufi. Ilikuwa ndogo. "Ongeza," kijana akasema. Ikaongezwa. "Ongeza tena." Alipoiona mikuki yote miwili, na ncha zake, ndipo akatoa pesa za kuchapisha nakala ishirini.