Nyumba ya Louisville na gari la pili

Penye mkusanyiko wa Waswahili kusini mwa Seattle, iwe msiba, harusi au ibada ya Jumapili, siku hizi hakosekani mtu wa kuwapigia wenzake hesabu ya kuhamia jimbo la Kentucky. Nyumba ya kawaida Louisville, mji mkubwa wa jimbo hilo, inapatikana kwa dola 250,000 hivi. Kent, mji wa kusini mwa Seattle ambako wengi wetu tunapanga, inakaribia 650,000. Anayeisikia hesabu hiyo na bado akalipa kodi ya nyumba mwezi unaofuata anaonekana hajui kuhesabu, au anang'ang'ania sifa ya kuishi Seattle. Nadhani watu hawa wanaonewa. Wengi wao wamehesabu, tena kwa makini, na wameingiza mambo ambayo mpiga hesabu wa msibani huyaruka.

Kwenye nyumba yenyewe hakuna ubishi. Kwa mkopo wa nyumba wa FHA, unaowekewa bima na serikali ya shirikisho, mwenye alama za mkopo (credit score) kuanzia 580 hutoa kianzio cha asilimia 3.5. Kwa nyumba ya 250,000 hizo ni dola 8,750, fedha ambayo upatu wa mwaka mmoja unaweza kuitoa. Riba ikiwa asilimia 6.5 kwa miaka 30, rejesho la mwezi ni kama 1,525. Ongeza bima ya mkopo, kodi ya majengo na bima ya nyumba, utakaribia 2,000, ambazo ndizo unazomlipa mwenye nyumba Kent kwa vyumba viwili. Nyumba ya 650,000 kwa masharti yaleyale inadai karibu 5,000 kila mwezi. Mke anayehudumia wazee na mume anayepanga mizigo ghalani hawafiki huko hata wakizidisha zamu.

Na Louisville si kijiji. Ford ina viwanda viwili vya magari pale. UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, ina kituo chake kikubwa kuliko vyote cha mizigo ya ndege, Worldport, na tangu 1998 mpango wa Metropolitan College unawalipia ada wanafunzi wanaobeba mizigo usiku na kusoma Chuo Kikuu cha Louisville au chuo cha jumuiya na ufundi cha Jefferson. Kwa kijana aliyemaliza sekondari bila mtu wa kumlipia karo, sijui mji mwingine unaompa njia iliyo wazi namna hiyo. Kiswahili nacho kipo, na si cha kutafutwa kwa tochi: Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi, Nyarugusu ya Tanzania na kwingineko, wamepelekwa pale kwa miaka mingi, na shuleni ni miongoni mwa lugha kubwa za watoto wa wageni. Hata kumpigia mama simu kunakuwa rahisi, kwa kuwa Louisville iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 7 au 8, wakati Seattle iko nyuma kwa 10 au 11.

Sasa tuje kwenye makato. Jimbo la Washington halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Kentucky inatoza, asilimia 3.5 kuanzia 2026, na juu yake Louisville ina kodi yake ya kazi, asilimia 2.2 kwa mkazi wa pale. Anayepata dola 50,000 kwa mwaka atakatwa kama 2,700 ambazo Kent hakatwi. Ni kweli kwamba kodi ya manunuzi huku inagonga asilimia 10 na Kentucky ni 6, kwa hiyo sehemu ya pengo inazibika. Halafu mshahara wenyewe. Kima cha chini Kentucky bado ni dola 7.25 kwa saa, kiwango cha shirikisho ambacho hakijasogea tangu 2009. Hakuna ghala linalolipa hivyo siku hizi, lakini sakafu ikiwa chini kiasi hicho, kazi zetu za chini zinavutwa nayo. Washington ilifika 16.66 mwaka 2025, na wahudumu wa majumbani wana chama, SEIU 775, kinachokaa mezani na serikali ya jimbo kujadili malipo yao. Mshahara ukishuka dola 3 tu kwa saa, kwa mwaka umepoteza 6,240, yaani 520 kila mwezi, na hapo ni kwa mtu mmoja.

Yote hayo bado yanahesabika kwa kalamu. Kinachonisumbua mimi ni gari la pili, ambalo familia inayomudu maisha ya Kent kwa gari moja na basi italazimika kulinunua Louisville.

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilikadiria kwamba mwaka 2024 kumiliki na kuendesha gari jipya kuligharimu wastani wa dola 12,297 kwa mwaka. Watu wetu wakisikia hivyo hucheka: nani ananunua gari jipya? Haya, tuiache hiyo. Tuchukue Corolla yenye miaka kumi, tukate gharama nusu. Bado ni kama 6,000 kwa mwaka, 500 kwa mwezi. Na mkweche una adhabu zake. Aliyefika juzi hana historia ya mkopo, kwa hiyo riba ya gari ni kubwa. Leseni ni mpya, kwa hiyo bima inapanda. Giaboksi hufa katikati ya wiki, na asiyefika zamuni siku mbili anaweza kukuta nafasi yake ina mtu. Jumlisha 500 hizo na 520 za mshahara na zaidi ya 200 za kodi, uone kilichobaki kwenye ule ushindi wa nyumba. Ushindi haujaisha wote, maana nyumba inabaki yako. Ila si ule tuliotangaziwa.

Tena fedha ni nusu tu ya habari. Katika nyumba nyingi za Waswahili kuna watu ambao hawaendeshi na pengine hawataendesha kamwe: bibi aliyeletwa kulea wajukuu, mke aliyefika mwaka jana, kijana wa miaka 15. Hawa ndio hasa wanaohamishwa, na ndio wasioulizwa. Hapa kwetu bibi anajifunza basi moja, anashuka kliniki, anarudi. Tangu Septemba 2022 watoto hadi miaka 18 wanapanda mabasi na treni za Washington bila nauli, kwa hiyo kijana anakwenda maktaba, mpirani au kwa rafiki bila kumsubiri baba aamke baada ya zamu ya usiku. Mchukue bibi huyohuyo umweke kusini mwa Louisville, kando ya Preston Highway, barabara ya njia nyingi yenye magari ya kasi. TARC, shirika la mabasi la mji, lilipunguza huduma mwaka 2024 kwa sababu fedha haikutosha. Bibi aliyekuwa anajitegemea anageuka mtu wa kusubiri kupelekwa, hata sokoni. Kwenye hesabu ya msibani hili haliandikwi popote, kwa kuwa halina dola mbele yake.

Na anayesema "basi la shule lipo" akumbuke Agosti 2023. Wilaya ya shule ya Jefferson, inayohudumia Louisville, ilipanga upya njia za mabasi kwa programu ya kompyuta, na siku ya kwanza ya masomo watoto wa mwisho walifika kwao karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa zaidi ya wiki moja kurekebisha mambo. Mwaka uliofuata wilaya iliondoa mabasi kwa shule nyingi za mchepuo maalumu (magnet), zile ambazo mzazi mwenye ndoto hupigania mtoto aingie. Kesho yake asubuhi, baada ya habari kama hiyo, mzazi mwenye gari na ratiba inayopindika anampeleka mtoto mwenyewe. Mwenye gari moja na zamu ya kuanza saa kumi na mbili anamhamishia mtoto shule nyingine. Njia chache zilirudishwa baadaye, baada ya madereva wa TARC kuhamishiwa kwenye mabasi ya shule, na hilo nalo linaonyesha jinsi huduma hizo mbili zinavyogombania kitambaa kimoja kifupi.

Lazima niwe mkweli upande wa pili pia. Familia nyingi za Kent zina magari mawili tayari, hasa wanaofanya usiku uwanja wa ndege au kwenye maghala ambako basi halifiki kwa wakati. Kwao hoja yangu inapungua nguvu sana. Muuguzi mwenye leseni ya majimbo mengi naye anahama kwa urahisi, kwa kuwa Washington na Kentucky zote zimo katika mkataba wa majimbo yanayoitambua leseni hiyo. Wawili wa namna hiyo, wanaoendesha wote na wenye watoto wadogo, sioni sababu ya kuwazuia. Kijana wa UPS naye aende.

Lakini wapo ambao kuhama kwao ni kubomoa. Mwenye nyumba ya kulea wazee aliyoisajili Washington hawezi kuikunja na kuibeba. Kibali ni cha jimbo, na wazee wanabaki na familia zao. Mwenye kesi ya hifadhi katika mahakama ya uhamiaji anatakiwa kutoa taarifa ya anwani mpya huko mahakamani ndani ya siku tano za kazi, na taarifa hiyo peke yake haiihamishi kesi. Lazima aombe, na jaji akubali. Ikihamia Louisville inatoka chini ya Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa na kuingia ya Sita, ambako maamuzi yanayomfunga jaji ni mengine. Huyo asipakie hata sahani kabla ya kukaa na wakili. Na yule aliyechangia misiba ya watu kwa miaka, akajulikana, anaacha nyuma kitu ambacho Wakongo wa Louisville, kwa ukarimu wao wote, hawatampa mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kupima na apime kwa watu wa nyumba yake. Aandike majina yote, aweke alama mbele ya wasioendesha. Wakiwa wawili au zaidi, kabla ya kuangalia picha za jiko na uwanja wa nyuma aangalie ramani ya TARC kama ilivyo leo: njia ipi inapita mtaa ule, kila baada ya dakika ngapi, na kama ipo Jumapili. Akiweza, asafiri na bibi, wakae wiki moja bila kukodi gari, waende kliniki, dukani na kanisani au msikitini kwa basi. Bibi akisema anapaweza, waanze kutafuta kianzio.