Mahindi Yaliyolowa Mafuriko Si Chakula

Kila mto Nyando, magharibi mwa Kenya, ukivunja kingo, maji yakishuka huonekana jambo lilelile: mahindi yaliyolowa yameanikwa kwenye turubai kando ya barabara. Siku chache baadaye yako kwenye kinu cha posho. Jamani, hayo si chakula tena.

Maji hayo yamepitia vyooni, mazizini na kwenye mashamba yaliyopigwa dawa. Jua litakausha punje, lakini uchafu umeshaingia, na kuvu huota kabla hazijakauka. Sumu yake haiishi hata ugali ukipikwa kwa saa ngapi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na hayo hayakuwa ya mafuriko. Msiwape hata ng'ombe, maana sumu hupita kwenye maziwa.

Serikali ina wajibu wa kuimarisha kingo za mto Nzoia kule Budalangi, sikatai. Lakini kingo hupasuka usiku, na chakula cha msaada hufika watoto wakiwa wameshalala njaa. Chakula cha Aprili na Mei, miezi ya mafuriko, huokolewa Februari.

Anza na ukavu. Tia konzi ya mahindi kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, bado yaongezee siku moja ya jua, kwa sababu kipimo hiki hukamata unyevu wa takriban asilimia 15 kwenda juu, na sisi tunataka 13. Wengi hukosea hapa: mfuko usiopitisha hewa, ule wenye tando za plastiki ndani ya gunia, haukaushi kitu. Ukifungia mahindi mabichi, yataoza humo humo. Yakiwa makavu, funga kila utando peke yake: sokota mdomo, ukunje, ukaze kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tundu moja la panya linatosha kuingiza maji.

Kisha urefu. Tafuta ukutani alama ya maji ya mafuriko ya 2020 au 2024, uinue sakafu ya ghala nusu mita juu yake, na kila nguzo uivishe bati la kuzuia panya. Asiyeweza kujenga atumie dari, na hapo achague magunia ya kilo 50. La kilo 90 hakuna mama atakayelipandisha peke yake usiku maji yakiwa magotini. Mbegu ziwekwe kando, ndani ya jerikeni yenye kifuniko.

Shambani, mihogo na viazi vitamu huoza maji yakituama. Nduma huvumilia, na mtama hushinda mahindi. Maji yakiondoka, panda kunde na mchicha kwenye tope lenye unyevu: mboga itachumwa baada ya wiki tatu au nne.

Na yale yaliyolowa yachimbieni shimo, mbali na kisima.