Madaktari wetu, semeni kuhusu unga

Huku Glasgow, Scotland, mtaa wa Hunter Street, kuna nyumba inaitwa The Thistle. Mtu anaingia na heroini yake, anapewa sindano safi, anajidunga huku wauguzi wakimwangalia, na akizidiwa anaokolewa palepale. Ilifunguliwa Januari 2025, ya kwanza kuruhusiwa rasmi Uingereza nzima. Nikiwasimulia ndugu zangu wa Kinondoni wanasema wazungu wamechanganyikiwa.

Hoja ya kufungua nyumba hiyo iliandikwa na watu wa afya ya jamii. Mwaka 2015 VVU vilisambaa miongoni mwa wanaojidunga katikati ya jiji, na 2016 wakashauri chumba kama hicho kifunguliwe. Serikali ya London ikagoma: sheria ya dawa za kulevya ya 1971 hairuhusu. Ikasubiriwa mpaka 2023, mwendesha mashtaka mkuu wa Scotland alipotamka kwamba kuwashtaki watumiaji kwa kukutwa na dawa ndani ya chumba hicho hakuna manufaa kwa umma. Mwaka huohuo dawa za kulevya ziliua watu 1,172 Scotland, nchi ya watu milioni tano na nusu hivi.

Kwa hiyo siwapigii makofi sana. Ila madaktari wa huku wana mdomo. Profesa David Nutt, daktari wa akili aliyeongoza baraza la kuishauri serikali kuhusu dawa hizi, alifukuzwa 2009 kwa kusema hadharani kwamba pombe ina madhara kuliko bangi. Wenzake hawakunyamaza.

Kwetu Tanzania mambo yamekwenda kinyume. Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayomtuliza mraibu wa heroini, 2011, Mwananyamala na Temeke wakafuata, bila makelele. Mraibu anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaondoka. Mtaani tumeona vijana waliokuwa wakiiba hadi sufuria za mama zao wakirudi kuwa watu wa kutumwa dukani na chenji ikarudi. Wakati Waskoti wanabishania chumba kimoja, sisi tulishakuwa na kliniki. Tusijidharau.

Kinachonikera ni ukimya. Ikitangazwa operesheni, mbele ya kamera wanakaa makamanda na wanasiasa. Mwaka 2017, majina ya watuhumiwa wa dawa za kulevya yaliposomwa hadharani Dar, nilifuatilia habari zile kutoka huku kila jioni na sikumbuki kumsikia daktari. Na hao mateja wanaozolewa kijiweni na karandinga, baadhi yao ndio wanaotakiwa kuwa kwenye foleni ya dozi kesho asubuhi. Teja akikaa mahabusu siku tatu bila methadoni, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inamkamata, na akitoka anakwenda moja kwa moja kwa muuza unga. Kamanda hana sababu ya kulijua hilo. Daktari analijua.

Najua, daktari wa serikali akisema sana anaweza kujikuta kahamishiwa wilaya asiyoijua. Ndiyo maana kuna Chama cha Madaktari Tanzania, chama hakihamishwi. Sidai tufungue chumba cha Hunter Street pale Magomeni, wala sisemi wauza unga waachiwe. Lakini wabunge watakapoifungua tena sheria ya dawa za kulevya ya 2015, nataka nimsikie daktari akiwaeleza wanakamati habari za siku tatu za mahabusu, kabla kamanda hajaanza kuwasomea kilo zilizokamatwa.