Bafta Mita Tano

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda dukani bila kujieleza. Kondoa mwezi wa kumi ni vumbi tupu. Ukiacha chai mezani dakika tano unakunywa ugoro. Na mimi nina darubini ya kioo: bomba la bati lenye urefu wa mita moja na robo, na kule chini ndani yake kioo cha inchi nane kisichotaka kuguswa hata na pumzi. Nikaamua kila nikimaliza kazi niwe nalifunga kwa bafta, kitambaa chepesi, cheupe, rahisi kufua.

"Mita tatu," nikamwambia mwenye duka.

Akanitazama kwa upole ambao sikuuelewa. "Mtu mzima au mtoto?"

Nikadhani ni utani wa dukani. "Mfupi," nikajibu, "lakini mnene."

"Tatu hazitoshi, mwanangu. Chukua tano." Akapunguza bei bila kuombwa, akanitilia na fungu la pamba, akakataa katakata kulipwa. Nikaondoka nikiwasifu watu wa Kondoa kwa ukarimu. Pamba nayo ilinifaa, ya kufutia lenzi.

Usiku ule nilikuwa na miadi na NGC 253. Hiyo ni galaksi, na Caroline Herschel aliigundua mwaka 1783 akiwa Uingereza, ambako huwa inajikongoja chini kwenye upeo. Hapa kwetu inapita karibu na utosi. Unaitafuta Diphda, nyota ambayo Waarabu waliita chura, unashuka kusini pungufu kidogo ya upana wa ngumi ukiwa umenyosha mkono, basi umefika. Mwanga wake unaokugonga umetembea miaka kama milioni 11. Mwenye adabu humpokea mgeni wa namna hiyo hata kwa kukesha.

Shida ni kumfuata. Dunia inazunguka, kwa hiyo stendi nayo lazima izunguke kwa mhimili ulioelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Ncha yetu ya kusini iko digrii 5 tu juu ya upeo, kwangu mimi ni nyuma ya choo cha jirani. Stendi zenyewe zimebuniwa na watu wa nchi za baridi, ambako ncha iko juu angani. Ukizilaza kwa digrii 5, kile chuma cha kusawazisha uzito kinateremka moja kwa moja kugonga mguu wa stendi: ngo! Fundi wa kuchomelea aliniungia kipande cha bomba, lakini saa tano usiku ule bado kilikuwa kinagonga, na kila kikigonga nyota kwenye picha zinageuka michirizi ya kamasi. Nilipoigeuza darubini upande wa pili, saa sita hivi, ikatulia. Nikapiga picha 300 za sekunde 50 kila moja. (Wanaouliza kwa nini 300: ukizilundika kwa programu, chenga zinapungua. Picha 100 zinazipunguza mara 10.)

Mke wangu alikuwa zamu ya usiku hospitalini. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya presha, alikuwa chumbani kwake.

Saa kumi na moja kasoro nikaishusha darubini, nikaiviringisha kwenye bafta, nikaifunga kamba mahali patatu, juu, kati na chini, nikailaza kwenye kitanda cha kamba barazani. Kamera nikaiacha juu ya kigoda, mdomo umezibwa, ikipiga zile picha za giza ambazo programu inazihitaji ili ijue makosa ya kamera yenyewe. Nikakaa chini nikiisubiri, taa nyekundu kichwani, mkono juu ya bafta. Usingizi ukanichukua nikiwa nimeinama.

Nikashtuliwa na jirani, mzee wa nyumba ya pili, akienda kuswali alfajiri. Amesimama getini, ameishika kofia kifuani.

"Umekesha, mwanangu?" akanong'ona.

"Tangu saa tatu, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Ilikuwa taabu?"

"Mwanzoni ilisumbua sana. Saa sita ikatulia kabisa."

Akavuta pumzi. "Na mama?"

"Mama kalala."

Akasema maneno fulani ya Kiarabu akaondoka haraka. Nikajua anawahi jamaa. Nikaswali, nikajitupa kitandani.

Niliyoyasikia baadaye ni haya. Msikitini, mzee alipotoa habari, mwenye duka la vitambaa akasimama kushuhudia kwamba sanda aliiuza yeye jana yake, na kwamba alisikitika kuona mkwe amejiandaa mapema hivyo. Kipaza sauti kikatangaza. Wanaume wanne wakaja kumwingiza marehemu sebuleni, wakashangaa wepesi wake. Kilo tisa! Mmoja akasema mtu mwema ndivyo anavyokuwa. Kwenye kizingiti kichwa cha marehemu kikagonga fremu ya mlango kikalia kama sufuria, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Mimi niliamka saa mbili kwa sauti ya turubai likivutwa. Natoka nje, uani kumejaa mikeka na watu juu yake, akina mama wanachochea moto, sufuria si zetu. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. "Pole. Njia yetu sote moja."

"Nani kafa?" nikauliza.

Wakatazamana kwa huruma. "Mshtuko huo," mmoja akasema. "Mpeni maji."

Ndipo bodaboda ikasimama na mke wangu akashuka kabla haijasimama vizuri, yunifomu bado mwilini, akilia "Mamaaa!" kwa sauti iliyonitoa jasho. Na kutoka uani nyuma, akiwa na kopo mkononi na mswaki wa mti mdomoni, mama mkwe akajitokeza.

"Kelele za nini asubuhi hii? Kafa nani?"

Mama mmoja aliyekuja kuosha maiti aliruka ukuta. Nimeupima baadaye, unanifika kidevuni.

Shehe hakukimbia, ila alishika nguzo. "Mama uko hapa," akasema taratibu, kama anayepiga hesabu. "Basi tuliyembeba ni nani?"

Nikafungua kamba mbele ya mashahidi, mkono unatetemeka. Shehe akainama kuchungulia mdomo wa bomba, na kule ndani kioo kikamrudishia jicho lake mwenyewe, kubwa kama sahani ya wali. Akasema "Audhubillahi" mara tatu bila kupumzika.

Tukawapigia vijana makaburini. Lilikuwa limeshafika kiunoni. Wakauliza: walifukie au wasubiri?

"Wasubiri nani?" mama mkwe akafoka, na simu hakuwa ameshika yeye.

Yule mzee wa nyumba ya pili hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Alitaka tu kuiona hiyo iliyonikesha. Nikamwonyesha kwenye kompyuta picha moja ghafi: giza, na katikati kitu chembamba cha kijivu kimelala upande, kama dagaa kwenye karai. Akaitazama kwa muda.

"Mita tano za bafta," akasema.

Vioo vilikuwa vimehama kwa lile pigo la mlangoni, nikala wiki nzima kuvirudisha. Jioni ile bado kulikuwa na jambo la rambirambi: bahasha imejaa na orodha ya waliochanga imeandikwa vizuri. Wazee wakakaa kujadili kama zirudishwe kwa kila mtu au ziende msikitini. Mimi mkwe, macho chini, sikuwa na la kusema.

Mama mkwe akanyosha mkono katikati yao, akaichukua bahasha, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Si za marehemu? Basi ni zangu."